Monita mbili, kompyuta moja: kupanga rezolusheni kuanzia kwenye keneli ya Linux

Duka lenyewe ni steshenari ndogo Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara za namba. Kazi zake ni kadi za harusi, picha za pasipoti, barua za maombi na kuchapa mitihani. Mwenye duka ni mama wa makamo ambaye mimi humwamkia shikamoo hata kabla sijatua mkoba. Alikuwa na wazo zuri sana: monita moja imwelekee yeye, ya pili imwelekee mteja ng'ambo ya meza, ili mteja alisome jina la bibi harusi kwa macho yake kabla kadi mia mbili hazijatoka kwenye printa. "Mwanangu," aliniambia, "Mwanahamisi na Mwanaisha si mtu mmoja, na karatasi ikishaingia wino hairudi."

Monita yake ni ya inchi 22, yenye rezolusheni (idadi ya nukta za picha, upana kwa kimo) ya 1920x1080, imeunganishwa kwa HDMI. Ya mteja ni ya mtumba, inchi 19, ile ya mraba, ya 1280x1024, imeunganishwa kwa VGA. Nilipofika, ya mteja ilikuwa kwenye 1024x768. Maandishi yamevimba na yana ukungu, na zile pete mbili za kwenye kadi zimerefuka kidogo kama mayai. Waliotangulia kuitwa walifungua Mipangilio, wakaitafuta 1280x1024 kwenye orodha, hawakuikuta, wakasema monita imechoka.

Monita ilikuwa nzima. Ile orodha haitungwi na Mipangilio. Inatungwa chini, kwenye keneli, yaani kiini cha mfumo, na keneli nayo huipata kwa kuiuliza monita yenyewe. Orodha ikiwa fupi, kuhangaika juu hakusaidii. Shuka chini uone mazungumzo ya keneli na monita yamekatikia wapi. Mwongozo huu unafuata njia hiyo, kwenye kompyuta ya Debian au Ubuntu. Kwa Linux nyingine tofauti ni ndogo na nitaitaja inapobidi.

Keneli inafanya nini hasa

Zamani kazi ya kupanga rezolusheni ilikuwa ya programu ya madirisha, na keneli ilikaa pembeni. Kuanzia toleo la 2.6.29 la mwaka 2009, kwa kadi za Intel kwanza na nyingine zikafuata, kazi hiyo ilihamia ndani ya keneli. Ndiyo maana siku hizi skrini inapepesa mara moja tu mwanzoni mwa kuwaka, kisha maandishi yanakuwa madogo na makali: draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya picha, imeshika usukani.

Draiva hiyo inaangalia vitu viwili unavyopaswa kuvijua. Cha kwanza ni matundu ya nyuma ya kompyuta. Kila tundu lina jina lake: HDMI-A-1, VGA-1, DP-1, DVI-D-1, na kioo cha laptop huitwa eDP-1 au LVDS-1. Cha pili ni mitambo ya ndani ya kadi inayosukuma picha kwenda kwenye matundu hayo, na hii ina idadi. Kadi ya ndani ya Intel ya kizazi cha Sandy Bridge ina miwili tu. Ya Ivy Bridge, iliyofuata, ina mitatu. Kwa hiyo kompyuta yenye matundu matatu si lazima iwashe monita tatu kwa pamoja, na ukiona ya tatu inakataa kabisa, hesabu mitambo kabla ya kununua kebo nyingine.

Monita inapochomekwa, keneli inasoma kutoka kwake karatasi fupi ya utambulisho iitwayo EDID. Ni baiti 128, wakati mwingine 256 au zaidi, zinazotaja aliyeitengeneza, ukubwa wake na rezolusheni inazozikubali. Keneli ikiona kuna monita lakini EDID haikusomeka, haibahatishi. Inatoa orodha ya tahadhari inayoishia 1024x768. Basi ukikuta monita ya kisasa imekwama hapo hapo, 1024x768 si zaidi, umeshapata nusu ya jibu: monita na keneli hazisikilizani.

Soma kwanza, usiguse kitu

Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

`grep . /sys/class/drm/card*-*/status`

Utaona kila tundu na hali yake, `connected` kwa lenye monita na `disconnected` kwa lisilo nayo. Pale dukani nilipata `card0-HDMI-A-1` na `card0-VGA-1` zote zimeunganishwa. Kwako inaweza kuwa `card1`, ni sawa. Unachotakiwa kukiandika kwenye karatasi ni jina la tundu lenyewe, bila hilo neno la kadi. Liandike kama lilivyo, kwa vistari vyake. HDMI-A-1 na HDMI-1 kwa keneli ni vitu viwili tofauti, na kosa hili moja limekula jioni za watu wengi.

Kisha tazama orodha ya rezolusheni za kila tundu:

`cat /sys/class/drm/card0-VGA-1/modes`

Na mwisho pima EDID:

`cat /sys/class/drm/card0-VGA-1/edid | wc -c`

Usipime kwa `ls`, kwa sababu mafaili ya humu yanaonyesha ukubwa wa sifuri hata yakiwa na kitu. Jibu likiwa 128 au 256, karatasi ya utambulisho ipo. Kwenye HDMI nilipata 256. Kwenye VGA nilipata 0.

Kebo kabla ya amri

Nikisema shuka chini, namaanisha mpaka kwenye waya. Plagi ya VGA ina pini 15 kwenye safu tatu za tano tano. EDID hupita kwenye pini ya 12 na ya 15, yaani ya pili na ya mwisho za safu ya tatu. Picha yenyewe hupita kwenye pini nyingine kabisa. Ndiyo sababu skrini inaweza kuonyesha picha safi huku mazungumzo yamekufa, na fundi anayeangalia picha tu anaondoka akiamini kebo ni nzima.

Niliichomoa plagi nikaimulika kwa tochi ya simu. Pini ya 12 ilikuwa na ukoga wa kijani chini kabisa, pale inapoingia kwenye plastiki. Duka liko karibu na bahari, mlango uko wazi kutwa, na hewa ya chumvi ya Tanga haichagui. Ukikutana na hali hiyo, zima vyote, chovya mswaki mkavu kidogo kwenye spiriti, sugua taratibu, acha ikauke, rudisha, kaza zile skrubu mbili za pembeni. Pini ya 9 ikikosekana usishtuke, kebo nyingi hutengenezwa bila hiyo. Ikikosekana ya 12 au ya 15, badili kebo, usibishane nayo.

Ukiwa na kebo nyingine, ijaribu hapo hapo na upime tena EDID. Ikisomeka, kazi yako ya keneli inaweza kuwa imeishia hapo, na Mipangilio itakuonyesha 1280x1024 bila kuombwa. Kwangu mswaki haukutosha, na kebo ya pili iliyokuwepo dukani haikuwa na pini ya 12 kabisa. Mama alitaka kazi ianze siku ile ile. Hapo ndipo tunaiambia keneli kwa mkono kile ambacho monita imeshindwa kuisemea.

Kuiambia keneli kwa mkono

Keneli hupokea maelekezo inapoamka, kwenye mstari mmoja unaoandikwa na GRUB, programu ndogo inayoiamsha keneli. Neno la rezolusheni ni `video=`, na linaandikwa mara moja kwa kila tundu:

`video=HDMI-A-1:1920x1080@60 video=VGA-1:1280x1024@60e`

Nambari baada ya `@` ni mara ngapi picha inachorwa kwa sekunde. Kwa monita hizi bapa acha 60, hata kama yako inadai inaweza 75. Hiyo `e` ya mwisho nitaieleza hivi punde. Ukiandika `video=1280x1024` bila jina la tundu, keneli itaitumia kwa monita zote, na ile kubwa itapoteza ukali wake. Kwa monita mbili, taja jina kila mara.

Sasa, usiandike kwenye faili moja kwa moja. Jaribu kwanza kwa kuwasha mara moja tu, ili ukikosea kila kitu kirudi kama kilivyokuwa. Washa kompyuta upya, na wakati inaanza bonyeza Esc, au ushikilie Shift kwenye mashine za zamani, mpaka orodha ya GRUB itokee. Bonyeza `e` juu ya mstari wa kwanza. Shuka mpaka kwenye mstari unaoanza na neno `linux`, nenda mwisho wake, acha nafasi moja, andika maneno yako ya `video=`, kisha bonyeza Ctrl pamoja na X.

Ikiwaka vizuri, hakikisha keneli imekusikia:

`cat /proc/cmdline`

Maneno yako yawemo humo, herufi kwa herufi. Kisha soma tena lile faili la `modes` la VGA-1. Sasa 1280x1024 itakuwemo. Skrini ikibaki nyeusi au ikiandika kwamba ishara iko nje ya uwezo wake, zima na uwashe tena. Ulichoandika kimepotea na hakuna kilichoharibika. Ndiyo faida ya kujaribu kwa njia hii. Kwa mashine ya mtu anayeitegemea kupata riziki, naiona kuwa ni lazima.

Ukiridhika, fungua faili la kudumu:

`sudo nano /etc/default/grub`

Tafuta mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`. Ongeza maneno yako ndani ya alama za kunukuu, baada ya yaliyomo:

`GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet splash video=HDMI-A-1:1920x1080@60 video=VGA-1:1280x1024@60e"`

Hifadhi, kisha `sudo update-grub`, halafu washa upya. Kwenye Fedora, badala ya kuhariri faili na `update-grub`, hutumika `sudo grubby --update-kernel=ALL --args="..."`, na maneno yako ya `video=` yakae mahali pa nukta hizo. Humo humo kwenye faili kuna `GRUB_GFXMODE`, nayo huwachanganya wengi. Hiyo ni rezolusheni ya menyu ya GRUB yenyewe. Draiva ya kadi ikishika kazi, haina tena neno.

Herufi ndogo zenye kazi kubwa

Herufi `e` inaiambia keneli iliwashe tundu hilo hata kama haioni monita. Kwa Tanga na kwingineko ambako umeme hukatika ukarudi, herufi hii ni dawa. Umeme ukirudi, kompyuta ya duka hujiwasha yenyewe, lakini monita nyingi za mtumba hungoja mtu abonyeze kitufe. Keneli inaamka, haioni mtu, inalifunga tundu. Mama anakuja kubonyeza kitufe dakika tano baadaye na anakutana na giza. Ukiweka `e`, picha inasukumwa tangu mwanzo na monita ikiamka inaikuta.

Herufi `d` ni kinyume chake, hulifunga tundu kabisa. Nimeitumia kwenye laptop zilizovunjika kioo ambazo watu huzigeuza kuwa kompyuta za mezani: `video=LVDS-1:d`. Bila hiyo, mfumo unaendelea kufungua madirisha kwenye kioo kilichokufa na mwenye mashine anaamini programu hazifunguki.

`M` inaitaka keneli ipige yenyewe hesabu ya mawimbi kwa kanuni ya kawaida, na `R` inapunguza nafasi tupu zinazotumwa pembeni mwa picha. Hii `R` inahitaji maelezo, maana ndiyo inayookoa monita kubwa. Picha ya 1920x1080 haitumwi kama pikseli 1920 kwa 1080 tu. Pamoja na nafasi zake tupu hufika 2200 kwa 1125, na mara 60 kwa sekunde ni milioni 148.5. Kebo ya DVI ya njia moja mwisho wake ni milioni 165, kwa hiyo inapita. Lakini monita ya inchi 24 ya 1920x1200, kwa hesabu ya kawaida, inataka zaidi ya milioni 193. Haipiti. Ukipunguza nafasi tupu inashuka hadi milioni 154, na inapita. Inaandikwa hivi:

`video=DVI-D-1:1920x1200MR@60`

`R` ni ya monita bapa peke yake. Ile mitungi ya zamani yenye mgongo ilizihitaji nafasi zile ili kuurudisha mwale, usiilazimishe.

Na neno moja la kuliepuka: `nomodeset`. Utaambiwa uliweke kila skrini inapoleta matata. Linaifukuza draiva kazini, na draiva ikiondoka, kupanga monita mbili kunaondoka nayo. Linafaa kuokoa mashine isiyowaka, halafu litoe.

Njia bora zaidi: kuipa keneli EDID ya kweli

Kulazimisha kwa `video=` kunatosha kwa duka, ila monita inabaki haina jina wala vipimo vyake. Ukipata nafasi, fanya hili. Ichukue monita uichomeke kwenye kompyuta nyingine yenye kebo nzima, na uinakili karatasi yake:

`cat /sys/class/drm/card0-VGA-1/edid > mteja19.bin`

Pima faili, lisiwe sifuri. Lilete kwenye kompyuta ya duka kwa flashi:

`sudo mkdir -p /lib/firmware/edid`

`sudo cp mteja19.bin /lib/firmware/edid/`

Kisha kwenye mstari wa GRUB ongeza:

`drm.edid_firmware=VGA-1:edid/mteja19.bin`

Hapa kuna mtego. Draiva ya picha mara nyingi huamka mapema, diski kuu ikiwa bado haijafunguliwa, na hapo keneli inaona tu vilivyomo kwenye kile kifurushi kidogo cha kuanzia kiitwacho initramfs. Faili lako lisipokuwemo, halitaonekana. Tengeneza faili `/etc/initramfs-tools/hooks/edid` lenye mistari hii:

`#!/bin/sh`

`[ "$1" = prereqs ] && exit 0`

`mkdir -p "$DESTDIR/lib/firmware/edid"`

`cp /lib/firmware/edid/*.bin "$DESTDIR/lib/firmware/edid/"`

Lipe ruhusa kwa `sudo chmod +x /etc/initramfs-tools/hooks/edid`, kisha `sudo update-initramfs -u` na `sudo update-grub`. Ukiwasha upya, ile hesabu ya `wc -c` iliyokuwa 0 itakuwa 128. Acha na ile `video=VGA-1:1280x1024@60e` ibaki, kwa ajili ya umeme unaokatika. Mambo yakigoma, `sudo dmesg | grep -i edid` itakuonyesha keneli ililalamika nini.

Usichukue EDID ya monita nyingine tu kwa kuwa inchi zinalingana. Monita ya inchi 19 iliyo pana si 1280x1024, na utakuwa umeidanganya keneli.

Skrini ya maandishi na kona yake

Baada ya hapo watu wengi hushtushwa na jambo moja. Kabla madirisha hayajafunguka, au ukibonyeza Ctrl, Alt na F3, maandishi kwenye ile monita kubwa yanajaa kona ya juu kushoto tu na sehemu iliyobaki ni nyeusi. Hakuna kilichovunjika. Skrini ya maandishi ya keneli ni moja kwa monita zote, na hukatwa kwa kipimo cha ile ndogo, ili mwenye monita ndogo asikose mistari. Madirisha yakifunguka kila moja inarudi kwenye kipimo chake. Kama kompyuta yako ni seva isiyo na madirisha na kona hiyo inakukera, zipe monita zote mbili rezolusheni moja inayokubaliwa na zote.

Kushoto, kulia, na mstari wa chini

Keneli haijui monita ipi iko kushoto. Hilo ni la mfumo wa madirisha. Kwenye Mipangilio unaburuta tu vile visanduku viwili. Kama unatumia Xorg, mfumo wa madirisha wa siku nyingi, unaweza kuandika:

`xrandr --output HDMI-1 --mode 1920x1080 --pos 0x0 --primary --output VGA-1 --mode 1280x1024 --pos 1920x56`

Huku juu HDMI-A-1 huitwa HDMI-1, ndiyo majina niliyoonya. Andika `xrandr` tupu uyaone yako. Ile 56 ni 1080 ukitoa 1024. Inazipanga monita mbili zikae sawa kwa chini kama zilivyokaa mezani, ili mshale wa mausi uvuke bila kuruka ngazi. Ni jambo dogo, lakini anayeburuta kadi toka kwake kwenda kwa mteja mara hamsini kwa siku analihisi.

Amri ya `xrandr` ni kama msemo wetu wa hapa, waja leo waondoka leo: ukizima kompyuta imekwenda zake. Iweke kwenye programu zinazoanza pamoja na mfumo, au upange kwa Mipangilio, ambayo kwenye madirisha ya GNOME huandika kwenye `~/.config/monitors.xml` na kukumbuka. Kama picha ilikuwa imejaa vizuri na sasa ina ukingo mweusi upande mmoja, bonyeza kitufe cha Auto kwenye monita ya VGA yenyewe huku ukiwa umefungua ukurasa mweupe. Hilo ni la monita, keneli haihusiki.

Kabla sijaondoka niliandika ule mstari wote wa `video=` kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi ya kadi, nikaubandika kwa selotepu ubavuni mwa kompyuta, chini yake majina ya matundu mawili na tarehe. Fundi ajaye akiweka mfumo upya hatahitaji kunitafuta. Mama aliketi, akafungua kadi iliyokuwa ikisubiri, akaiburuta kwenda upande wa pili. Pete zilikuwa duara. Mteja aliinama akasoma kwa sauti, akanyamaza, kisha akasema jina la babake bwana harusi lina h moja tu.